Mhandisi wa barabara aliyepewa kazi ya uhusiano wa umma: jibu kwa dada wa Bwera

Swali la msomaji: "Salaam mzee. Mimi ni dada wa miaka 31, mzaliwa wa Bwera, wilaya ya Kasese, magharibi mwa Uganda. Nimefanya kazi ya barabara miaka saba, mitatu kwa mkandarasi na minne kwa mhandisi mshauri. Sasa wakubwa wa mradi wananiomba niwe afisa uhusiano wa umma. Wenzangu saitini wanasema nitakuwa msemaji tu, na baba, aliyeuza ng'ombe ili nisome, hataki kusikia habari hiyo. Je, nikikubali, uhandisi wangu umekwisha? Kazi yenyewe ni ipi hasa? Nisome nini tena? Na nikianza Jumatatu, nianze na nini?"

Dada yangu mhandisi,

Nimekuita mhandisi kwa makusudi, na ndivyo nitakavyokuita hadi mwisho. Mimi nilijenga barabara miaka 11, kisha nikahamia ofisi ya uhusiano wa umma, nikakaa huko miaka 16. Sikuwahi kuona kwamba nimeuacha uhandisi nyuma. Ila nimewaona wenzetu walioupoteza, na wote niliowaona waliupoteza kwa njia ileile: walikubali kazi ya njia moja. Maneno yanatoka ofisini, wao wanayafikisha kwa wananchi, basi. Ya wananchi hayana pa kupita kurudi ofisini. Miaka miwili ikipita, mtu wa namna hiyo hajui tena greda imefika kilomita gani. Anasoma karatasi aliyoandikiwa.

Kwa hiyo kabla hujasaini, muulize mkuu wako wa mradi jambo moja. Kila mwezi nitaingia kwenye kikao cha saiti, na mhandisi mkazi, yule anayesimamia kazi pale pale saitini, yupo na mkandarasi yupo, nikiwa na ajenda yangu? Au nitaletewa kumbukumbu za kikao nizigeuze taarifa ya magazeti? Atakavyokujibu ndivyo utakavyojua kama unahama ofisi tu au unahama taaluma. Hebu nikueleze kwa nini nalishikilia hili kuliko mshahara na kuliko cheo.

Mwaka wangu wa tano kazini tulikuwa tunaweka lami kwenye barabara ya murramu huku mashariki, si mbali na mpaka. Unajua mwenyewe mambo ya mtaro wa kando: hauwezi kubeba maji kilomita nzima, lazima kila baada ya umbali fulani uchimbe mtaro wa kutolea, ule unaokata kuelekea mashambani. Ramani yetu ilionyesha mmoja wa mitaro hiyo ukitokea kushoto, mahali penye mteremko mzuri. Tulipokuwa tunapiga vigingi akaja mama mmoja, mtu mzima, leso kiunoni na jembe begani. Akatazama vigingi, akatutazama sisi, akaokota kijiti. Akachora barabara kwenye vumbi. Akachora nyumba yake, kisha akachora migomba kwa vijishimo vidogo vidogo, safu kwa safu. Halafu akaweka ncha ya kijiti kwenye kigingi changu na kukiburuta polepole hadi katikati ya ile migomba.

"Maji mnayamwaga wapi, mwanangu?"

Nilimjibu kwa heshima, na nilimjibu vibaya. Nilimwambia mteremko ni asilimia 3, mtaro umepigiwa hesabu ya mvua kubwa inayokuja mara moja katika miaka 10, na mhandisi mshauri ameupitisha. Yote yalikuwa kweli. Akanisikiliza mpaka mwisho, akafuta mchoro wake kwa unyayo, akaenda zake shambani.

Misimu miwili ya mvua baadaye palikuwa na korongo la kufika kiunoni katikati ya migomba ile. Mashina yaliyobaki yalikuwa yameinama, mizizi nje. Tungeusogeza mtaro mita 40 tu, ungetokea kwenye bonde la mafunjo ambako maji yalikuwa yakienda tangu zamani. Ingekuwa kazi ya nusu siku kwa ekskaveta. Badala yake tulilipia mawe, saruji na fidia, na juu ya hayo ukoo wake ukatufungia machimbo ya murramu yaliyokuwa kwenye ardhi yao. Malori yakawa yanafuata murramu kilomita 9 zaidi hadi mradi ulipokwisha.

Swali la yule mama lilikuwa la kihandisi kuliko mengi niliyowahi kuulizwa na watu wenye kofia nyeupe. Hakuja kutulizwa. Alikuwa na kumbukumbu ya miaka 30 ya maji ya mahali pale, nasi hatukuwa na kikao cha kuipokea. Angekuwapo mtu anayeelewa mtaro ni nini, aliyekaa naye chini ya mti dakika kumi, kisha akaingia kwenye kikao cha saiti na kusema "kigingi hiki kisogee", korongo lile lisingekuwapo. Mtu huyo ndiye unayeombwa uwe. Mhitimu wa uandishi wa habari angeweza kumsikiliza mama yule vizuri kuliko mimi, lakini asingejua kwamba alichokisikia kinabadilisha ramani.

Wala usidhani haya ni mambo ya migomba tu. Huko kwenu magharibi, Desemba 2015, Benki ya Dunia ilifuta fedha zake kwa barabara ya Kamwenge hadi Fort Portal, kilomita 66. Hakuna kipimo cha maabara kilichosimamisha mradi ule. Wakazi wa kandokando walilalamika kwamba wafanyakazi wa ujenzi walikuwa wakiwaharibu wasichana wadogo, na kwamba mambo ya ardhi na usalama wao yameshughulikiwa vibaya, mpaka malalamiko yakafika kwenye jopo la ukaguzi la benki yenyewe. Fikiria umbali huo. Msichana wa kijijini alikuwa na mhandisi hatua mia mbili kutoka mlangoni kwao, lakini maneno yake yalilazimika kuvuka bahari ndipo yasikike. Mwenzako saitini akikuambia kusikiliza watu ni kazi laini, mtajie Kamwenge.

Sasa kazi yenyewe. Wengi wanafikiri ni kusimama mbele ya kamera siku waziri anapokata utepe. Siku hizo ni chache na hazina uzito. Siku nyingi utakuwa na daftari la malalamiko. Kila lalamiko lina namba, tarehe, jina la kijiji, na safu ya mwisho inayosema limejibiwa na nani. Utakaa na wenyeviti wa LC1, yaani wa baraza la kijiji. Utaandika matangazo ya kufunga njia. Utakwenda redioni usiku, maana asubuhi watu wako shambani. Utajibu barua za waandishi wa habari na maombi ya wananchi chini ya Sheria ya Kupata Habari ya 2005, inayoipa ofisi ya umma siku 21 za kujibu. Na utafasiri. Hapo ndipo uhandisi wako utakapoonekana, kwa hiyo nitakaa hapo kidogo.

Siku moja nilikuwa kwenye mizani, madereva wamepanga foleni, wamechoka na wamekasirika. Mmoja, anayepeleka mzigo Kongo kutoka Mombasa, akanifuata na karatasi ya faini mkononi. "Mzee, ekseli moja imezidi tani mbili. Tani mbili tu! Zinaua barabara?" Ningeweza kumsomea Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2013 ya kudhibiti uzito wa magari: jumla isizidi tani 56, ekseli moja ya matairi manne isizidi tani 10. Angenijibu kwamba sheria anaijua, na karatasi ya faini anayo. Nikamwambia atoe simu, afungue kikokotoo. Gawa 12 kwa 10. Akapata 1.2. Zidisha 1.2 kwa 1.2. Akapata 1.44. Sasa zidisha 1.44 kwa 1.44. Akapata 2.07, akaitazama. Nikamwambia: "Ekseli yako imepita hapa mara moja, lakini barabara imehesabu kwamba umepita mara mbili na zaidi."

Ile ni kanuni ya kipeo cha nne, yaani uzito wa ekseli ukizidi, uharibifu wa barabara hukua kwa kipeo cha nne cha uzito huo; tuliipata kutokana na majaribio makubwa yaliyofanywa Ottawa, Illinois, huko Marekani, kati ya 1958 na 1960, malori yakizunguka juu ya lami usiku na mchana mpaka ipasuke. Wewe uliisoma darasani ukaijibia mtihani. Dereva yule aliielewa kwa dakika mbili, na aliposhika usukani alikuwa anawaeleza wenzake foleni nzima. Alilipa faini, na hakuwa amefurahi, lakini hakuondoka akiamini kwamba ameibiwa. Siku hiyo ilinifundisha maana ya kazi yangu kuliko semina zote nilizopelekwa.

Hata hivyo elimu yetu ina kasoro zake, na lazima uzijue mapema.

Ya kwanza ni kujificha nyuma ya namba. Ukisema redioni "kazi imefikia asilimia 68", umesema kweli, na aliyekaa kwenye vumbi hajapata kitu. Kwake kazi ni sifuri mpaka vumbi liondoke mlangoni. Mwambie lini gari la maji litapita kijijini kwake, mara ngapi kwa siku, na ampigie nani lisipopita.

Ya pili ni tarehe. Sisi tumezoea kupanga kazi kwa wiki, basi tukiulizwa tunatoa tarehe kana kwamba mvua imesaini mkataba. Niliwahi kusema redioni kwamba daraja dogo litafunguliwa kabla ya Krismasi. Sababu zangu zilikuwa nzuri, vipimo vya zege vilikuwa vizuri. Vyuma vya kingo vikakwama bandarini, tukafungua mwezi wa tatu. Katika kijiji kile mfanyabiashara mmoja alikuwa amekopa pesa akajaza duka kwa kutegemea maneno yangu. Alinionyesha magunia ya sukari yaliyoshika unyevu. Tangu hapo sijatoa tarehe ya kumaliza kitu. Natoa tarehe ya habari. "Sijui daraja litafunguliwa lini. Ijumaa saa mbili usiku nitakuwa kwenye redio hii kuwaambia tumefika wapi." Na Ijumaa lazima uwepo, hata kama huna jipya, hasa kama huna jipya.

Unakumbuka Mei 2023, mafuriko yalipokata barabara ya Kampala–Masaka pale Katonga. Njia ile inabeba watu wa Mbarara, wa Mutukula kwenda Tanzania, wa Rwanda. Wasafiri wakaambiwa wazunguke kupitia Mpigi, Kanoni na Sembabule. Mwaka uliofuata daraja la Karuma, kwenye njia ya kaskazini, lililojengwa 1963, likafungwa kwa matengenezo, na malori makubwa yakaelekezwa Tirinyi, Mbale, Soroti, Lira. Linganisha hali hizo mbili kama afisa uhusiano. Ya kwanza ilikuja ghafla na maji. Ya pili ilikuwa na nafasi ya kutangazwa kabla. Katika zote mbili, msafiri aliyeko stendi na watoto wawili na mzigo hataki kujua nguzo ina nini. Anataka mambo matatu: gari la aina gani linapita wapi, kuanzia saa ngapi, na kama kwenye mzunguko kuna mahali litakwama mvua ikinyesha. Hilo la tatu ni la mhandisi. Asiyejua udongo mweusi wa bondeni hulainika vipi hawezi kulijibu, na akilijibu kwa kubahatisha, mabasi yatalala njiani.

Kuna na suala la maneno. Wewe una bahati ambayo pengine huioni: umekulia Bwera, una Lukonzo, una Kiswahili cha mpakani kinachovuka kwenda Kongo pale Mpondwe kila siku ya soko, na una Kiingereza cha ripoti. Baraza la mawaziri lilikubali Kiswahili kiwe lugha rasmi mnamo Julai 2022, lakini barabarani kilikuwa rasmi miaka mingi kabla, maana dereva wa Mombasa, askari wa Kampala na muuza ndizi wa Kasese hawana kingine cha kuelewana. Itumie lugha hiyo kwa uangalifu. Nilipokuwa kwenye mkutano karibu na mbuga ya Queen Elizabeth nilisema, kama tulivyozoea, kwamba vibanda viko ndani ya "hifadhi ya barabara". Mkutano ukachafuka papo hapo. Wazee wakasimama. Ilinichukua muda kuelewa kwamba kwao hifadhi ni ile ya wanyama, ardhi ikishaitwa hivyo hairudi, na askari wa wanyamapori anakuja na bunduki. Walifikiri nimekuja kupanua mbuga. Nikaanza upya: kuna kipande kandokando ya lami kilichoachwa ili barabara ipumue, mitaro ipite, na siku moja ipanuliwe. Hilo walilielewa, wakabishana nami juu ya upana wake, na ubishi huo ulikuwa halali kabisa.

Lakini swali utakaloulizwa kuliko yote ni la fidia, na hapa nakuomba uwe na adabu ya pekee. Ibara ya 26 ya Katiba ya 1995 inataka mtu alipwe fidia ya haki, kwa wakati, kabla ardhi yake haijachukuliwa. Mwaka 2015 Mahakama ya Juu ililisisitiza hilo katika kesi iliyotokana na barabara ya Hoima–Kaiso–Tonya: serikali haiwezi kuingia kwanza kisha ilipe baadaye. Lijue hilo kwa moyo, ila usianze nalo. Mama aliyekuja na karatasi iliyokunjwa mara nne ndani ya mfuko wa plastiki hataki ibara. Kaa chini, ifungue karatasi yake, isome naye mstari kwa mstari. Migomba mingapi imeandikwa? Ndiyo aliyonayo? Bei ya mazao hutokana na viwango vya bodi ya ardhi ya wilaya, na uthamini wote huidhinishwa na Mthamini Mkuu wa Serikali, kwa hiyo mwambie wazi kwamba bei hujaipanga wewe. Kisha mwambie karatasi yake sasa iko meza gani. Kama hujui, mwambie utamjibu siku gani. Utakutana pia na watu wenye barua za ile mamlaka ya barabara, UNRA, iliyoanza kazi 2008 na ambayo majukumu yake yalirudi Wizara ya Ujenzi na Uchukuzi mwishoni mwa 2024. Wanaogopa kwamba deni limekufa na jina. Usiwacheke na usiwakimbize. Nakili namba ya barua, ifuatilie wizarani. Na kamwe usimwahidi mtu pesa. Kamwe, hata kwa kutikisa kichwa.

Sasa jambo zito zaidi, ambalo hukuliuliza. Siku itafika utaombwa kusema uongo wa kihandisi. Hawatauita uongo. Mimi niliombwa katika mradi mmoja ambao lami ilipasuka kwa urefu, ukingoni, miezi minne baada ya kufunguliwa. Niliambiwa nieleze kwamba ni joto kali. Nilikuwa nimefungua vitabu vya maabara: tabaka la chini, pale barabara ilipopanuliwa, lilitakiwa kushindiliwa kufikia asilimia 95, na mahali pawili vipimo vilisoma 91. Joto halipasui ukingo kwa mstari mmoja ulionyooka namna ile. Nilikataa kusema, nikaandika kwa mkubwa wangu ukurasa mmoja wenye namba zile, nikapendekeza tuseme ukweli ulio mfupi: kuna kasoro ya ushindiliaji, tuko ndani ya kipindi cha uangalizi, na mkandarasi atafumua na kurudia kwa gharama yake. Walimtuma mwingine akaseme habari ya joto. Miezi mitano sikupewa kazi ya maana. Nilikuwa na watoto shuleni, na sikulala vizuri. Baadaye kipande kile kilifumuliwa na kurudiwa, kwa sababu ufa hausikilizi tangazo.

Sikuambii haya kukutia hofu. Nakuambia ili ujue mapema mstari wako uko wapi. Wewe ukiwa mhandisi aliyesajiliwa, neno lako juu ya lami si neno la msemaji wa kawaida. Watu wanaendesha magari juu yake. Omba kwa maandishi, siku ya kwanza, mambo unayoruhusiwa kuyasema bila kuomba kibali, na yale ambayo lazima yapite kwa katibu mkuu wa wizara au kwa mkuu wa mradi. Mtumishi wa umma hana uhuru wa kusema lolote kwa waandishi, na hilo ni sawa. Ruhusa ya kunyamaza unayo siku zote. Ruhusa ya kudanganya hakuna anayeweza kukupa.

Juu ya usajili: usiuache. Lipa ada yako kwa Bodi ya Usajili wa Wahandisi kila mwaka, leseni yako iwe hai, mikutano ya chama cha wahandisi, UIPE, uhudhurie hata kama unakaa kiti cha nyuma. Na kwenye mkataba, pigania maneno. Kiandikwe "mhandisi, uhusiano wa umma", kisiandikwe "msemaji". Daraja lako la mshahara libaki la uhandisi. Sitakudanganya kwamba hakuna utakachopoteza. Utapoteza kasi ya mkono. Programu za usanifu hubadilika, na baada ya miaka mitatu bila kuzigusa mwenzako kijana atakupita. Mimi niliomba siku mbili kila mwezi za kukagua ramani za mitaro na makalavati, yale mapito ya maji chini ya barabara, kazi ambayo hakuna aliyeitaka, na hizo siku mbili ndizo zilizonifanya niheshimiwe nilipofungua mdomo kwenye kikao.

Masomo? Usikimbilie shahada nyingine mwaka huu. Makerere wana idara ya uandishi wa habari na mawasiliano, na Chuo Kikuu cha Kikristo cha Uganda pale Mukono nao wanafundisha. Utakwenda baadaye, ukishajua unakosa nini. Kuna chama cha maafisa uhusiano Uganda, PRAU, jiunge nacho upate watu wa kuwapigia simu usiku mambo yakiharibika. Kwa sasa jifunze mambo mawili tu: kuandika nusu ukurasa ambao mwenyekiti wa LC1 anaweza kuusoma kwa sauti bila kukwama, na kukaa kimya sekunde tano baada ya mtu kumaliza kusema. La pili ni gumu kuliko la kwanza. Mara nyingi lalamiko lenyewe huja katika sekunde ya nne.

Baba yako simlaumu. Aliuza ng'ombe ili mtoto wake ajenge, na anaogopa kwamba sasa ataongea tu. Usibishane naye sebuleni. Tangu 2009 Ofisi ya Waziri Mkuu imekuwa na mpango wa mabaraza, ambapo maafisa wa serikali husimama mbele ya wananchi na kuulizwa walichofanya na pesa. Siku mradi wako utakapoitwa kwenye baraza au mkutano wa kijiji, mwombe aje akae na wazee wenzake. Asikie mzee mmoja akiuliza kwa nini kalavati limewekwa juu ya usawa wa uwanja wake, na akusikie wewe ukimjibu kwa Lukonzo, kwa vipimo, na ukikiri kwamba limekosewa kama limekosewa.

Na Jumatatu. Usiende ofisini. Vaa viatu vyako vya saiti, acha gari la mradi, anza kilomita sifuri na utembee kwa miguu. Kilomita kumi kwa siku zinatosha. Acha koti la kung'aa la mkandarasi, maana ukilivaa watu watakuambia wanachofikiri mkandarasi anataka kusikia. Chukua daftari jipya, lisilo la ofisi. Kila kibanda, kila kisima, kila njia ya ng'ombe inayokatiza, kila shule, andika iko kilomita gani na upande gani, kama ulivyokuwa ukiandika makalavati. Andika jina la mwenye kibanda jinsi yeye mwenyewe anavyolitamka. Kwenye kila mtaro wa kutolea, simama, geuka kufuata maji, tembea mpaka mwisho wake, hata kama ni mita mia mbili ndani ya shamba, na ukikuta mtu huko, msalimie, kisha muulize mvua ya mwisho ilifika wapi. Ijumaa ingia kwenye kikao cha saiti na daftari hilo.